Kaida za Picha za Kusisimua na Hofu ya Mtazamaji

Neno taharuki limekwisha kupata makao katika uhakiki wa Kiswahili. Wahakiki hulitumia kwa maana ya ile hamu anayokuwa nayo msomaji au mtazamaji ya kutaka kujua litakalofuata, na kwa kadiri hamu hiyo inavyozidi, ndivyo kisa kinavyosifiwa kwamba kimetungwa vyema. Maana hiyo si mbaya, lakini ni finyu, na ufinyu wake huonekana waziwazi mara neno hilo linapotolewa katika vitabu likapelekwa kwenye sinema. Huko mtu aweza kuwaona watazamaji waliokwisha kuiona picha ile ile mara mbili au tatu, wanaojua kila litakalotokea, nao bado hushika viti kwa nguvu, hunyamaza kimya, au hupaza sauti kumwonya mtu aliye katika kiwambo, asiyeweza kuwasikia. Ikiwa taharuki ni hamu ya kujua tu, watu hao wanataharuki kwa sababu gani?

Asili ya neno lenyewe yasaidia kulijibu swali hilo. Taharuki limetoka katika Kiarabu, katika shina lile lile lililozaa haraka na harakati, na maana yake ya asili ni kutikisika, kuondoka katika utulivu. Katika mazungumzo ya kila siku mtu aliyetaharuki si mtu mwenye shauku ya kupata habari. Mara nyingi ni mtu aliyekwisha kupata habari, nayo ikamwondolea raha. Mama aliyeambiwa kwamba chombo alichopanda mwanawe kimekawia kufika bandarini hutaharuki kwa sababu ajua pepo za msimu ule zilivyo. Asingelijua lolote, angelikuwa amelala.

Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba kaida za picha za kusisimua ndizo zimpazo mtazamaji ujuzi wa namna hiyo. Kwamba hofu yake hutoka katika kujua zaidi kuliko katika kutojua. Na kwamba mtungaji aliye bora ni yule amfanyaye mtazamaji ajione mwenyewe ndani ya ujuzi wake. Mifano mingi imetolewa katika kazi za Alfred Hitchcock (1899–1980), Mwingereza aliyehamia Marekani mwaka 1939, kwa sababu hapana mtengenezaji wa picha aliyeifikiria hofu ya watazamaji kwa makini zaidi kuliko yeye. Baadaye zimetajwa picha za watu waliomfuata, na mwisho hoja inarudishwa kwenye hadithi za Kiswahili.

Kaida kama mapatano

Msimulizi asemapo "Paukwa!", na wasikilizaji wakajibu "Pakawa!", mapatano yamekwisha kufungwa. Tangu hapo hapana atakayeuliza vipi sungura aweza kusema, wala hapana atakayeogopa kweli kweli kwamba simba atamla. Wasikilizaji wajua sungura atashinda. Waliijua habari hiyo jana na juzi, na bado wataka hadithi ile ile isimuliwe tena. Furaha yao yategemea mapatano hayo yanayowaambia ni jambo gani la kuogopa, kwa kiasi gani, na kwa muda gani.

Picha za kusisimua nazo zina mapatano yake, ingawa hayatamkwi. Mlango ulioachwa wazi kidogo, ngazi yenye giza, simu inayolia usiku wa manane, muziki unaoshuka chini ghafula: hizo ni alama ambazo kila mtazamaji amefundishwa na picha alizotangulia kuziona. Zaidi ya alama hizo ziko ahadi. Mtoto mdogo asiye na hatia hataumia. Nyota wa sinema ambaye jina lake ndilo lililowavuta watu mlangoni hatakufa kabla ya mwisho. King'ora cha polisi kikisikika, taabu imekwisha. Hapana kitabu cha sheria kilichoandika maneno hayo, wala mtazamaji akiulizwa hataweza kuyataja yote. Lakini mojawapo ikivunjwa, huijua mara moja kwa jinsi moyo wake unavyoruka.

Hitchcock alilieleza jambo hili kwa mfano uliopata kujulikana sana, katika mazungumzo yake na Mfaransa François Truffaut ya mwaka 1962, yaliyochapishwa kuwa kitabu huko Ufaransa mwaka 1966. Watu wameketi mezani wakizungumza mambo yasiyo na maana, na ghafula bomu linapasuka chini ya meza. Watazamaji watashtuka kwa muda wa sekunde 15. Lakini waonyeshwe mapema kwamba bomu limewekwa pale, kwamba litapasuka saa saba, na kwamba saa ya ukutani yaonyesha saa saba kasorobo. Basi mazungumzo yale yale yasiyo na maana yatageuka kuwa mateso ya dakika 15, na kila mtazamaji atatamani kuwaambia wale watu wanyamaze, wainuke, watoke. Mazungumzo na meza na bomu ni yale yale, ila mtazamaji amepewa habari.

Kutokana na mfano huo yawezekana kutenganisha mambo matatu ambayo uhakiki wa Kiswahili huyaweka katika kapu moja. Hamu huzaliwa na kutojua. Taharuki huzaliwa na kujua. Na mshtuko huzaliwa na kudhani kwamba mtu ajua, kumbe hajui. Kaida ndizo zinazoyaendesha yote matatu, lakini haziyaendeshi kwa njia moja.

Ahadi iliyovunjwa mwaka 1936

Kabla ya kulisema fumbo la bomu, Hitchcock alikuwa amekwisha kulijaribu kwa vitendo, na jaribio hilo lilimletea lawama. Picha yake ya Sabotage, iliyotoka mwaka 1936, imetokana na riwaya ya Joseph Conrad ya The Secret Agent ya mwaka 1907. Bwana Verloc, mwenye jumba la sinema mjini London, ni wakala wa siri wa watu wanaotaka kuleta ghasia. Akiwa anachungwa na polisi, anampa ndugu mdogo wa mkewe, mtoto aitwaye Stevie, kifurushi cha bomu akipeleke mjini pamoja na mikebe ya picha za sinema. Mtoto hajui alichokibeba. Watazamaji wajua, na wajua pia kwamba bomu litapasuka saa 7.45 mchana.

Yafaa kuangalia jinsi riwaya na picha zinavyotofautiana hapa. Katika riwaya Stevie hufa mbali na macho ya msomaji, na habari yake hupatikana baadaye, kipande kwa kipande, kwa njia ya upelelezi. Msomaji ana hamu ya kujua nani amekufa, na jibu likija humchoma. Picha imeigeuza kazi hiyo yote. Mtazamaji hutembea na mtoto njiani. Mchuuzi wa dawa ya meno anamkawiza mtoto kwa kumfanya mfano mbele ya watu. Maandamano ya Meya wa London yanaifunga njia. Basi linakwama katika msongamano wa magari. Utingo, ambaye kwa sheria angelipaswa kumkataza kupanda na mikebe ya picha kwa kuwa picha za siku hizo ziliwaka moto upesi, anamhurumia na kumruhusu. Mtoto anacheza na mbwa mdogo wa abiria aliye karibu naye. Saa zinaonyeshwa moja baada ya moja. Hata dakika ya mwisho, mtazamaji wa mwaka 1936 alikuwa na jambo la kumtuliza: kaida yamwambia kwamba mtoto hataumia, atashuka, atakisahau kifurushi, mtu atakitupa dirishani. Bomu likapasuka, na mtoto, abiria na mbwa wote wakafa.

Watazamaji na wahakiki walikasirika, na Hitchcock mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba alikosa sana: mtu akiwaudhi watazamaji kwa hofu ya muda mrefu, hapana budi awape nafuu mwishoni. Maneno hayo yamekaririwa na wengi kama kanuni. Hata hivyo kuna sababu ya kutoyakubali yote. Hasira ile ilikuwa ushahidi kwamba kaida ilikuwa imewapa watazamaji usalama ambao wakazi wa mji wenye mabomu hawanao. Tena kifo cha Stevie ndicho kilichoizaa sehemu iliyo bora kuliko zote katika picha ile. Mama Verloc, akiwa amekwisha kujua kwamba nduguye amekufa, anaingia katika jumba la mumewe, ambamo watu wanatazama katuni ya Walt Disney ya mwaka 1935 inayoonyesha ndege akipigwa mshale. Watoto wanacheka, naye pia anaanza kucheka pamoja nao, kwa muda mfupi, mpaka ndege anapopigwa, na kicheko kinamfia mdomoni. Mtazamaji wa Sabotage, aliyeketi katika jumba la sinema kama lile, anajiona mwenyewe: naye pia alilipa ili afurahie hatari ya mtu mwingine. Kaida isingelivunjwa, somo hilo lisingelipatikana.

Kwa hiyo kosa la Hitchcock, kama lilikuwako, halikuwa kuivunja ahadi. Labda lilikuwa kuivunja bila kuwatayarisha watazamaji kuona kwa nini inavunjwa. Miaka 24 baadaye aliivunja ahadi kubwa zaidi, na safari hii watu walipanga foleni.

Siri iliyotolewa na siri iliyofichwa

Kabla ya kufika huko, haifai kuipita picha ya Vertigo ya mwaka 1958, kwani ndiyo hoja iliyo wazi kupita zote. Imetokana na riwaya ya Wafaransa wawili, Pierre Boileau na Thomas Narcejac, iliyochapishwa mwaka 1954. Mpelelezi aliyestaafu ampenda mwanamke, amwona akifa kwa kuanguka kutoka mnarani, kisha akutana na msichana mwingine anayefanana naye. Je, ni yule yule? Riwaya humficha msomaji jibu mpaka mwisho. Hitchcock amelitoa jibu mapema, muda mfupi baada ya msichana kuingia: anaandika barua ya kukiri, kisha anaichana, na watazamaji wote wamekwisha kujua, isipokuwa mpelelezi.

Kwa kipimo cha taharuki kama hamu, tendo hilo ni kujiharibia kazi. Lakini tangu hapo kila jambo la kawaida lina uzito mpya. Mpelelezi anamnunulia msichana nguo kama za marehemu, anamtaka abadili rangi ya nywele, azifunge kama zile. Naye msichana anakubali kwa mapenzi huku akijua kwamba kila badiliko lamsogeza karibu na kugunduliwa. Asiyejua angeliona mtu mwenye wazimu akichezea nguo. Ajuaye huwaogopea wote wawili, na kuwahurumia wote wawili. Hamu ya kujua siri ingelikwisha siku siri ilipojulikana. Lakini hofu hiyo haipungui kwa kurudiwa.

Picha ya Psycho, iliyoonyeshwa mara ya kwanza New York mwezi wa Juni 1960, yaonekana kufanya kinyume. Imetokana na riwaya ya Robert Bloch ya mwaka 1959. Hapa Hitchcock aliificha siri kwa juhudi kubwa: aliwataka wenye majumba ya sinema wasimruhusu mtu yeyote kuingia baada ya picha kuanza, na kuwaomba watazamaji wasiyasimulie waliyoyaona. Siku zile katika majumba mengi ya Marekani picha zilionyeshwa mfululizo, na watu walizoea kuingia katikati na kuondoka walipofika pale walipoanzia. Sababu aliyoitoa Hitchcock ilikuwa nyepesi na ya kweli: atakayechelewa atamngoja Janet Leigh atokee, hali Janet Leigh amekwisha kufa.

Na hilo ndilo jambo lenyewe. Marion Crane, mwanamke aliyechezwa na Janet Leigh, aiba dola 40,000 za mteja wa mwajiri wake mjini Phoenix na kukimbia kwa gari. Kwa muda wa dakika zaidi ya 40 mtazamaji hufundishwa kuziogopea fedha hizo. Polisi mwenye miwani myeusi anamfuata. Muuza magari anamshuku. Bahasha inahamishwa kutoka mkobani hata ndani ya gazeti. Kaida za picha za wizi zote zimetimizwa, na mtazamaji amejikuta, pasipo kutaka, akimwombea mwizi asikamatwe. Mwishowe Marion anafika katika hoteli ndogo ya wasafiri, anazungumza na kijana mpole mwenye hoteli, na moyo wake unageuka. Anapiga hesabu ya kiasi alichotumia, aamua kurudi kesho yake, na anaingia kuoga kama mtu anayeosha dhambi. Kaida yasema aliyetubu ataokoka. Hapo ndipo anapouawa, kabla picha haijafika nusu yake.

Mara nyingi mauaji hayo huelezwa kama mshtuko mtupu. Akiyaangalia vyema, mhakiki ataona kwamba hata hapo mtazamaji alipewa sekunde chache za kujua: nyuma ya pazia la bafu kivuli kinakaribia, na yeye akiona hali Marion haoni. Lakini kilicho kikubwa zaidi ni kile kinachofuata. Mwuaji hajafahamika bado. Kijana mpole, Norman Bates, anasafisha damu, anaiweka maiti ndani ya gari pamoja na gazeti lenye fedha asizozijua, na kulisukuma gari katika kinamasi. Gari linazama, kisha linasimama, nusu yake ikiwa juu ya matope. Norman anatazama huku na huku. Na mtazamaji, ambaye dakika chache zilizopita alimlilia Marion, anashikwa na hofu kwamba gari halitazama. Likizama, anapumua.

Pumzi hiyo ndiyo maana ya picha nzima. Kaida humfundisha mtazamaji kushikamana na mtu aliye hatarini, na kutaka jambo lililoanzwa limalizike salama. Haimfundishi kuuliza ni jambo gani. Hitchcock alimwondolea mtazamaji mtu aliyekuwa akimwogopea, akampa mwingine, na mtazamaji akahamia kwake pasipo kujiuliza. Tena mshtuko mmoja uligharimia hofu ya muda wote uliobaki. Mpelelezi Arbogast apandapo ngazi za nyumba ya Norman, na Lila Crane aingiapo nyumba hiyo baadaye, hapana kinachoonekana cha kutisha ila ngazi na milango; lakini mtazamaji sasa ajua. Mauaji yanayoonyeshwa ni mawili tu. Dhaifu katika picha hiyo ni pale karibu na mwisho ambapo daktari wa maradhi ya akili anasimama na kueleza kila kitu kwa hotuba ndefu. Hapo picha imerudi katika kaida ya fumbo na jawabu, na watazamaji wengi huliona jambo hilo hata wasipoweza kulieleza: wanapewa jibu la swali ambalo wao walikwisha kuliacha.

Kaida inayochakaa na kaida inayofundishwa

Mtu aweza kupinga akisema: ikiwa ujuzi ndio uzaao taharuki, basi picha yenye kaida nyingi kuliko zote ndiyo ingelikuwa ya kuogopesha kuliko zote, hali watu hupiga miayo wakiona kwa mara ya mia mwuaji aliyedhaniwa kufa akiinuka tena. Pingamizi hilo ni la haki. Kaida huchakaa kama sarafu, na ikichakaa mno haionyeshi tena sura ya kitu chochote. Mtazamaji haogopi tena litakalompata mtu. Anahesabu tu ishara. Picha ya Scream ya Wes Craven ya mwaka 1996 iliutumia uchovu huo: vijana walio ndani yake wamekwisha kutazama picha nyingi za mauaji na wanazitaja kanuni zake kwa sauti, na nyota Drew Barrymore, ambaye sura yake ilitangazwa mbele, anauawa mwanzoni kabisa. Tendo la mwaka 1960 limerudiwa, lakini sasa kwa kicheko, kwa kuwa watazamaji nao wamo katika mzaha.

Njia bora zaidi ni ya mtungaji anayefundisha kaida yake mwenyewe ndani ya picha. Steven Spielberg, katika Jaws ya mwaka 1975, alikuwa na papa wa mitambo aliyeharibika mara kwa mara, kwa hiyo samaki huyo haonekani ila kwa nadra. Badala yake kuna muziki wa John Williams, ambao moyo wake ni sauti mbili tu zinazopokezana. Mtazamaji hujifunza upesi: penye sauti hizo pana papa. Kisha watoto wawili wakorofi wanawatisha waogaji kwa pezi la bandia, na muziki haupigwi. Mtazamaji makini amekwisha kuambiwa kweli. Baada ya hapo, mkuu wa polisi anapotupa chambo baharini huku akinung'unika, papa anatokea ghafula, na muziki haukutangulia. Kwa mara hiyo moja ahadi imevunjwa, na kwa kuwa ilikuwa imetimizwa hapo awali, kuvunjwa kwake kunatisha. Mshtuko ni deni, na hulipwa kutokana na akiba ya uaminifu.

Ujuzi utokao nje ya sinema

Mpaka hapa kaida zimesemwa kana kwamba hutoka katika picha tu. Lakini methali yasema: mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtazamaji huingia sinema na majeraha yake.

Picha ya Get Out ya Jordan Peele, iliyotoka Marekani mwaka 2017, ndiyo iliyoonyesha jambo hili kwa uwazi mkubwa. Chris, kijana Mmarekani mweusi, anakwenda kuwatembelea wazazi wa mpenzi wake mweupe, na huko agundua kwamba ameletwa ili mwili wake uporwe. Baada ya kupigania maisha yake, anajikuta usiku barabarani, damu mwilini, na mpenzi wake wa zamani amelala chini amejeruhiwa. Taa za gari la polisi zinamulika. Kwa kaida ya miaka mingi, taa hizo ni dalili ya wokovu. Katika picha hii watazamaji wengi waliguna kwa huzuni. Chris anainua mikono. Yule mwanamke anaomba msaada. Na mtazamaji hahitaji kuambiwa nani ataaminiwa. Kisha mlango wa gari wafunguka, na ubavuni mwake pameandikwa neno la uwanja wa ndege: ni rafiki yake Chris, mlinzi wa usalama wa huko. Watu wakashangilia.

Peele alikuwa amekwisha kupiga mwisho mwingine, ambao Chris anakamatwa na kufungwa. Aliubadili. Mhakiki aweza kudhani kwamba alifanya kama Hitchcock alivyojuta kutofanya katika Sabotage, yaani kuwapa watazamaji nafuu. Na kwa sehemu ni kweli. Lakini nafuu hiyo haikuifuta hofu iliyotangulia. Kwa muda wa sekunde chache watazamaji wote, hata wale ambao king'ora hakijapata kuwatisha maishani, waliziona taa zile kwa macho ya Chris. Picha ilikuwa imewahamisha kutoka katika kaida ya sinema na kuwaingiza katika ujuzi wa watu wengine. Hapo ndipo uwezo wa picha za kusisimua unapofika mbali kupita mchezo: humwonyesha mtu kwamba utulivu wake mbele ya jambo fulani haukuwa kawaida ya ulimwengu, bali ni bahati yake mwenyewe.

Hadithi za Kiswahili

Mwaka ule ule wa 1960, Psycho ilipotoka, ilichapishwa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Bwana Msa na kiko chake ni jamaa wa wapelelezi wa Kiingereza, na msomaji huenda kando ya rafiki yake Najum, ajue yale Najum ajuayo na akose yale ayakosayo. Huo ni utungo wa hamu na mantiki, na furaha yake ni ile ya kitendawili kilichoteguliwa. Mhakiki anayeusifu kwa taharuki ausifu kwa jambo usilolikusudia, na anayeulaumu kwa kukosa taharuki audhulumu vile vile. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, yaelekea upande mwingine tangu jina lake: msomaji ameambiwa mapema kwamba katika kitabu hiki simu si chombo cha salamu, na hivyo kila ikilia ana la kuogopa. Vitabu hivi viwili hupangwa katika rafu moja ya hadithi za upelelezi, na hutumia neno moja la uhakiki, hali vinamtaka msomaji mambo mawili tofauti.

Ushahidi mwingine umo katika vibanda vya video. Tangu enzi ya kanda, Tanzania imewajua wafasiri wanaosema kwa Kiswahili juu ya picha za kigeni, kama Lufufu wa Dar es Salaam, aliyepata umaarufu mkubwa kwa kazi hiyo. Wafasiri hao hawakomei kwenye maneno ya wachezaji. Hueleza, hutania, hutaja tabia ya mtu kabla matendo yake hayajaifichua. Mtu aliyezoea kuithamini picha kwa siri zake ataona kwamba wanaiharibu. Lakini mfasiri ameiona picha kabla ya wasikilizaji wake, na neno lake la mapema lina kazi ile ile ya bomu lililoonyeshwa chini ya meza: lawatoa watu katika kungoja na kuwatia katika kuogopea. Yeye ni msimulizi wa "Paukwa" aliyerudi mahali pake, akiwapa wasikilizaji habari ya kutosha ili wapate kutaharuki.

Basi yafaa neno taharuki lirudishiwe maana yake pana, na neno hamu liachiwe kazi yake. Faida ya kufanya hivyo yapita upangaji wa istilahi. Mhakiki anayepima kisa kwa siri tu huwa amekwisha kazi siri ikijulikana, na hana la kusema juu ya hadithi inayosimuliwa mara ya kumi, wala juu ya Vertigo, wala juu ya Stevie ndani ya basi. Aulizaye mtazamaji alijua nini, nani alimfundisha, na ujuzi huo ulimfanya amwombee nani, ana swali linalobaki hata taa za sinema zikiwashwa. Watu wa London mwaka 1936 walitoka wakimlaumu mtengenezaji kwa kuwa mtoto alikufa. Ingeliwafaa pia kujiuliza ni nani aliyewaahidi kwamba hatakufa.